Chaneli iliyojiita TV: uchambuzi wa kisa cha mtengeneza video mmoja wa Uporoto

Kisa hiki nimekiandika kwa idhini ya mwenyewe. Kijiji sikitaji, kituo cha televisheni sikitaji, na tarakimu za fedha na za chaneli nimezisogeza kidogo ili asitokee mtu wa kupiga hesabu kinyumenyume akamtambua mhusika. Mimi nilikuwemo kama mhariri wa video na, mambo yalipochacha, kama mwandika barua. Makosa mawili makubwa humu ni yangu, nitayasema yakifika.

Wahusika na mazingira

Tumwite Bwana Shamba, maana ndivyo wanavyomwita mpaka leo. Alikuwa afisa ugani zaidi ya miaka 30 kwenye kata za Uporoto, ule ukanda wa baridi kati ya Mbeya mjini na Tukuyu ambako viazi mviringo hupandwa hadi ukingoni mwa lami. Alistaafu mwaka 2019. Mpwa wake, kijana aliyemaliza chuo akarudi nyumbani kusubiri ajira, alikuwa na simu nzuri na muda mwingi. Wakafungua chaneli ya YouTube na kuipa jina linaloishia na neno TV, kama wafanyavyo wengi hapa kwetu. Chaneli kibao zinajiita TV na hazijawahi kugusa mnara wa kurushia matangazo. Jina hilo likumbuke, litarudi.

Video zao za mwanzo zilikuwa za dakika nne hadi sita, simu imeshikwa wima, Bwana Shamba yumo ndani ya koti zito na buti za mvua, anaeleza jambo moja tu: namna ya kutofautisha ukungu na mnyauko, au kwa nini mbegu ya viazi isitolewe shamba lilelile mwaka hadi mwaka. Iliyowatoa ni ya lumbesa, yaani gunia linaloshindiliwa kupita kipimo. Alisimama kando ya gunia lililoshonewa kilemba, akalifungua, akamwaga viazi chini, akavipima upya kwa mzani na kumwonyesha mkulima kiasi alichompa mnunuzi bure. Ile video ilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp kutoka Makambako hadi Tunduma.

Mwaka 2020 wakatimiza masharti ya YouTube ya kugawana mapato ya matangazo: wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Kwa video ndefu mtengenezaji hupata asilimia 55 ya fedha za matangazo yanayotokea kwenye video yake, na Google haitumi kitu mpaka akaunti ifikishe dola 100. Kwa chaneli ya viazi, tena ya Kiswahili, dola 100 haziji kila mwezi. Bwana Shamba hakulalamika. Alikuwa na pensheni yake, na duka moja la pembejeo la Uyole lilimpa chochote kwa kusema mbegu safi zinapatikana kwao.

Kituo kinapiga simu

Mwaka 2021 mwandaaji vipindi wa kituo kimoja cha televisheni akapiga simu. Mtu mwenye adabu zake: alianza na shikamoo, akauliza mvua, akauliza bei ya gunia, ndipo akaingia kwenye shida. Walikuwa na nafasi ya kilimo asubuhi ya mwisho wa wiki na hawakuwa na mtu wa kupanda Uporoto. Walitaka vipindi 26, kila kimoja dakika 26, yaani nusu saa ukitoa matangazo. Malipo shilingi 150,000 kwa kipindi; safari na upigaji picha ni juu ya Bwana Shamba mwenyewe.

Kwa hesabu ya kalamu ilikuwa kazi ya bure. Mafuta ya pikipiki, chakula cha vijana, siku mbili za kuhariri, vyote ndani ya laki na nusu. Nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Mwanangu, mama yangu hajui YouTube ni mdudu gani. Tivii anaijua." Sikuwa na la kuongeza. Mzee huyu alikulia nchi ambayo Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973 na Bara ikakaa bila hata kituo kimoja mpaka miaka ya 1990. Kwa watu wa rika lake kuonekana kwenye tivii ni cheo, na cheo hakipimwi kwa mafuta ya pikipiki.

Faili la kwanza likarudishwa mara tatu. Mara ya kwanza kwa sababu ya fremu: simu ilirekodi fremu 30 kwa sekunde, kituo kinatumia 25, na picha iliyogeuzwa ilikuwa inarukaruka kila kamera inapopita juu ya matuta ya viazi. Mara ya pili sauti. YouTube inavumilia sauti ya juu. Kituo kilitaka wastani wa chini sana, ule wa -23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), na kila Bwana Shamba alipocheka kipimo kilipanda kwenye nyekundu. Mara ya tatu maandishi: majina ya dawa tuliyoyaweka pembeni yalikatwa na ukingo wa runinga. Hapo ndipo nilipoajiriwa rasmi. Tukakopa kamera, tukaachana na picha za wima, tukajifunza kuacha nafasi pembeni na kuandika herufi nene zisomeke na mtu aliyekaa upande wa pili wa sebule.

Mkataba ulikuwa wa kurasa tatu. Kifungu kimoja kilisema mtengenezaji anakipa kituo "haki ya pekee ya kuonyesha Vipindi kwenye runinga" ndani ya Jamhuri ya Muungano kwa miaka mitatu. Kingine kilisema kituo kinaweza kutumia Vipindi "kwenye majukwaa yake". Niliusoma kwenye simu, Mwanjelwa, nimesimama nikisubiri chipsi, nikamwandikia Mzee: "Hamna neno, saini." Kosa langu la kwanza hilo. Kuhusu chaneli, mwandaaji alisema kwa mdomo: endeleeni na YouTube yenu, hiyo si runinga. Alikuwa anasema alichokiamini, na mwaka ule karibu kila mtu angekubaliana naye.

Skrini inakua

Mwaka 2022 ulileta kitu ambacho hakikuwa kwenye mipango ya yeyote kati yetu. Mpwa alikuwa na mazoea ya kufungua takwimu za chaneli kila Jumapili, na ndani yake kuna ukurasa unaoonyesha watu wanatazama kwa kifaa gani. Mwanzoni runinga ilikuwa kama mbili katika kila saa 100 za kutazamwa. Mwisho wa mwaka ule ilikaribia 20.

Hatukuelewa zinatoka wapi. Mpwa akaanza kuuliza kwenye komenti na kwa simu. Majibu yalikuwa ya kawaida mno. Kijana anafanya kazi mjini, kamnunulia baba yake runinga janja. Akija nyumbani anawasha hotspoti ya simu yake. Baa fulani ina boksi la Android na mechi zikiisha mhudumu anaweka chochote. Duka la pembejeo limefunga runinga ukutani. Bando ndilo lililokuwa breki. Saa moja ya picha ya 1080 inaweza kula GB moja na nusu hadi tatu, kwa hiyo wengi walishusha mpaka 480 na kuridhika nayo. Simu ilibaki kuongoza kwetu, na bado inaongoza. Marekani mambo yamegeuka kabisa: Februari 2025 mkuu wa YouTube, Neal Mohan, alitangaza kwamba huko runinga imeipita simu kwa muda wa kutazama.

Nilikwenda lile duka la Uyole kushuhudia. Nje manyunyu, ndani watu kama tisa wamekaa juu ya mifuko ya mbolea. Kipindi kilikuwa cha mnyauko wa bakteria. Bwana Shamba anakata shina la kiazi lililonyauka, analining'iniza ndani ya glasi ya maji masafi, anasema tusubiri. Baada ya dakika chache unatoka kwenye shina uzi mweupe kama maziwa, unashuka taratibu hadi chini ya glasi. Hao ndio bakteria wenyewe wanaochuruzika. Kwenye simu uzi ule hauonekani. Tulishawahi kuirekodi na watu wakaandika "mbona hamna kitu". Kwenye runinga ya inchi 43 ulikuwa na urefu wa mkono. Mama mmoja akainuka na kitenge chake cha mvua, akasogea mpaka kwenye kioo, akaufuata ule uzi kwa kidole kuanzia juu hadi chini. "Ndiyo uliokula kwangu," akasema, halafu akauliza kama dawa ipo. Kijana wa duka akasema haipo, Bwana Shamba atasema sasa hivi. Na kweli akasema: dawa hakuna, ng'oa, badili zao, tafuta mbegu safi.

Tangu siku ile tukaanza kupika video kwa ajili ya runinga. Urefu ukapanda kupita dakika 20, jambo lililosaidia na mapato, maana tangu 2020 video inayofikisha dakika nane inaweza kuwekewa matangazo katikati. Lakini komenti zikapungua. Mtu aliyekaa kwenye kochi na rimoti haandiki. Saa za kutazamwa zilikuwa zinapanda na maswali yanakauka, na kwa Bwana Shamba maswali ndiyo yalikuwa malighafi: nusu ya mada zake zilitoka kwa mtu aliyeuliza "mbona viazi vyangu vina vidonda". Tukaweka namba ya WhatsApp ya chaneli chini ya kioo muda wote. Ilisaidia kiasi.

Sasa kosa langu la pili. Kuhariri toleo la kituo na toleo la YouTube mbalimbali kulikuwa kunanimaliza. Nikapendekeza tutumie faili moja: kipindi kikishapita hewani, au hata kabla, tukipandishe kilekile kwenye chaneli yetu. Hakuna aliyepinga.

Barua na madai

Kufikia 2023 kituo nacho kilikuwa kimeona kile tulichokiona. Kikaamsha chaneli yake ya YouTube iliyokuwa imelala, kikaanza kupandisha vipindi vya zamani, vyetu vikiwemo, kupitia wakala anayesajili maudhui kwenye Content ID. Huu ni mfumo wa YouTube wa tangu 2007. Mwenye maudhui mengi anaweka nakala rejea, mfumo unachukua alama ya picha na sauti kama alama ya kidole, kisha unapekua kila video inayopandishwa na zilizopo. Ukikuta zinazofanana, unaweka dai. Kwa kawaida video haiondolewi. Mdai anachagua iachwe na fedha za matangazo ziende kwake. Mashine haijui nani alikanyaga tope. Inajua nani kasajili.

Oktoba 2023, msimu wa kupanda unaanza, miezi ambayo chaneli ya viazi hutazamwa kuliko mwaka mzima, yakashuka madai tisa kwa mkupuo. Baruapepe zilikwenda kwenye anwani ambayo mpwa aliifungua zamani na hakuwa na desturi ya kuichungulia. Aligundua siku ya 11, kwa kuona mapato yameporomoka huku watazamaji wakiongezeka. Ucheleweshaji ule ulikuwa na bei. Ukipinga dai ndani ya siku tano, YouTube inashikilia fedha zote tangu siku ya kwanza ya dai mpaka ubishi uishe. Ukipinga baada ya hapo, inashikilia kuanzia siku uliyopinga. Zilizotangulia zinakwenda kwa mdai.

Wiki iliyofuata ikaja barua ya mwanasheria wa kituo. Ilisema Bwana Shamba amevunja kifungu cha haki ya pekee. Hoja zilikuwa tatu. Kwanza, vipindi vinaonekana kwenye runinga, majumbani na madukani, kupitia programu ya YouTube. Pili, chaneli yenyewe inajitangaza kuwa TV. Tatu, hata Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilizungumzia televisheni ya mtandaoni, kwa hiyo hakuna ajabu YouTube kuitwa runinga.

Bwana Shamba aliisoma barazani mara mbili, miwani imeshukia puani. Kwenye hoja ya pili akacheka. "Kwa hiyo ningejiita Redio wangeniacha?"

"Anko, si jambo la kucheka hili," mpwa akasema.

"Nacheka kwa sababu jina ulitunga wewe."

Tulivyoamua, na sababu zake

Wazo la kwanza, langu, lilikuwa kufuta video zote tisa ili kupunguza joto. Mzee alikataa. Viungo vya zile video vimo kwenye makundi ya wakulima mikoa minne; ukifuta, unamfuta na yule anayetafuta Novemba. Tena kufuta kungefanana na kukiri. Alikuwa sahihi.

Wazo la pili, la mpwa, ndilo naliona la akili kuliko yote kwenye kisa hiki. Alisema tusipinge madai yote. Tuchague manne, yale tu ambayo video zake zilipanda kwenye chaneli yetu kabla hazijaonyeshwa na kituo, na ambayo tuna picha ghafi zenye tarehe. Sababu ni mwenendo wa mashauri yenyewe. Ukipinga, mdai ana siku 30 za kujibu. Akikataa, unaweza kukata rufaa, na hapo ana siku saba. Lakini kwenye rufaa ana haki ya kuomba video iondolewe kabisa, na ombi hilo likipita unapata onyo la hakimiliki. Onyo hudumu siku 90. Ukiwa na maonyo matatu, chaneli inafungwa. Ukipinga tisa kwa pamoja, mtu mwenye hasira anaweza kukumaliza kwa barua tatu. Kwa manne tungeona kwanza ana nia gani.

La tatu lilinigawanya na Mzee. Mimi nilitaka barua ijibiwe kwa barua, ya mwanasheria kwa ya mwanasheria. Yeye akasema atakwenda kumwona mwandaaji. Nikamweleza kwamba chochote atakachosema kule kinaweza kutumika dhidi yake. Akapanda basi alfajiri na flashi yenye picha ghafi, nakala ya mkataba, na gunia la viazi. Gunia la kawaida, alisisitiza, si lumbesa.

Sambamba na hayo tulipeleka kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kusajili. Rafiki yetu mmoja wakili alituweka sawa kwamba usajili hauzai haki. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 haki inazaliwa na kazi yenyewe. Cheti ni ushahidi wa kuonyesha ukiulizwa. Tulikwenda kwa ajili ya ushahidi huo.

Ilivyoisha

Kati ya madai manne tuliyopinga, mawili hayakujibiwa mpaka siku 30 zikapita, yakajifuta. Mawili yalikataliwa siku ya 28. Tukakata rufaa na siku zile saba sikulala vizuri. Zilikuwa hazijaisha wakala akayaachia, na baada ya siku chache akaachia na yale matano mengine. Sababu tuliijua baadaye: mwandaaji alimpigia. Alikuwa hajui kama madai yapo. Idara ya vipindi haikuongea na watu wa mtandaoni, na watu wa mtandaoni walikuwa wamemkabidhi wakala maktaba nzima bila kuchambua kipi cha kituo na kipi cha kukodi.

Mbele ya Bwana Shamba alikiri pia kwamba mwaka 2021 alisema YouTube si runinga. Hilo lilimaliza barua, ingawa mwanasheria wao hakuandika kuifuta. Iliachwa ikanyauka.

Fedha za siku 11 za mwanzo hazikurudi, wala za video tano ambazo hatukupinga madai yake, tangu madai yaliposhuka hadi Desemba yalipoachiwa. Kwa kipimo cha chaneli ile ni karibu robo ya mapato ya mwaka. Kituo hakikuagiza vipindi vipya. Vile 26 kilibaki navyo mpaka muda wa mkataba ulipokwisha, na nyongeza ya kurasa mbili ikasainiwa kueleza nani anaruhusiwa wapi.

Kulikuwa na jambo la pembeni lililoibuka wakati tunakokotoa hasara. Mpwa hakuwahi kujaza fomu ya kodi ya Marekani kwenye akaunti ya malipo. Tangu 2021 Google inalazimika kukata kodi kwenye mapato yanayotokana na watazamaji walioko Marekani, na asiyejaza fomu anaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yake yote ya dunia nzima. Sisi hatuna mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo aliyejaza hukatwa asilimia 30, lakini ya fungu la Marekani tu, ambalo kwa chaneli ya viazi vya Uporoto ni dogo kama punje. Fomu ilijazwa jioni ileile. Nadhani ndiyo faida pekee ya moja kwa moja iliyotokana na ile barua.

Uchambuzi

Naanza na neno. Mkataba uligawa haki kwa jina la kifaa, na kifaa kikabadilika kazi. Mwaka 2021 neno "runinga" lilikuwa na maana moja kwa pande zote mbili: mnara, satelaiti, kebo, king'amuzi. Mwaka 2023 kioo kilekile kilikuwa kinapokea kwa njia mbili, na njia ya pili haikuhitaji ruhusa ya kituo. Kifungu kizuri kingetaja njia badala ya kioo: kurusha kwa mnara, satelaiti na kebo ni kwa kituo, kwa intaneti, kwa kifaa chochote kile, ni kwa mtengenezaji. Na "majukwaa yake" ilitakiwa kuorodheshwa kwa majina. Maneno yale mawili ndiyo yaliyompa kituo mlango halali wa kupandisha vipindi vyetu YouTube. Wenzangu kadhaa niliowasimulia wamesema kituo kiliiba. Sikubaliani nao. Kupandisha vipindi kilikuwa na haki, tulikipa wenyewe kwa saini. Kudai fedha za chaneli ya mwenye kazi hakikuwa na haki, na sehemu ile niliyoiona mbaya ni barua, kwa sababu iligeuza neno ambalo mtu wao alilitamka kwa maana nyingine.

Kuna jambo ambalo hatukuliona mapema. Bwana Shamba alipoingia mkataba alikuwa mletaji wa bidhaa kwa kituo. Miaka miwili baadaye alikuwa mshindani wake, na hakuna aliyetangaza mabadiliko hayo. Kabla ya hapo mlango ulikuwa mmoja. Mitambo ya analojia ilipozimwa kuanzia mwisho wa 2012, na sisi Mbeya kufikiwa 2013, kila kilichoonekana sebuleni kilipita kwenye king'amuzi, na mtengenezaji wa kujitegemea hakuwa na njia ya kufika humo ila kupitia kituo. Programu ya YouTube kwenye runinga janja ikaweka kitufe cha Bwana Shamba kwenye rimoti ileile ya kituo. Kituo kilichokuwa kinamlipa laki na nusu kikaanza kumwona upande wa pili wa kioo chake. Mwandaaji hakuwa na kinyongo. Hesabu ndizo zilizobadilika.

Lililo la ajabu ni kwamba kituo ndicho kilichomwandaa kwa ushindani huo. Yale mafaili yaliyorudishwa mara tatu, fremu, sauti, herufi pembeni, yalimfundisha kutazamika kwenye inchi 43. Chaneli nyingine za kilimo za ukanda huu, zenye wafuatiliaji wengi kuliko yeye, bado zinapiga picha za wima, na ukiziweka kwenye runinga unaona kamba nyembamba katikati na giza kushoto na kulia. Kwa hiyo nikiulizwa kama ile kazi ya kituo ilikuwa hasara, nasema fedha ndiyo, shule hapana. Bei ya haki ya pekee, hata hivyo, haikuwekwa kabisa. Laki na nusu ilikuwa ya jasho, na ule upekee wa miaka mitatu tuliutoa kama nyongeza ya sokoni.

Faili moja kwa sehemu mbili: hapo hapahitaji maelezo marefu. Kama toleo la YouTube lingekuwa na mkato wake, sauti yake na mpangilio wake, sehemu za kufanana zingekuwa fupi na tungekuwa na la kujibu haraka zaidi. Siku hizi nahariri matoleo mawili na nalipwa mara mbili.

Kwenye kupinga madai manne badala ya tisa, gharama yake ilikuwa halisi, miezi ya fedha kwa video tano. Ningefanya vilevile tena. Nisichokuwa na hakika nacho ni ile safari ya basi. Ilifanya kazi kwa sababu mwandaaji alikuwa mtu wa kukumbuka alichosema. Angekuwa amehama kituo, Mzee angekuta kijana mgeni mapokezi na gunia lake la viazi.

Na mlango mpya nao una mabawabu wake. Ukurasa wa mwanzo wa runinga janja unapangwa na aliyeitengeneza. Video zinazopendekezwa zinapangwa na YouTube. Na mtu mwenye rimoti hatafuti sana, kwa sababu kuandika kwa mishale, herufi moja moja, ni adhabu. Hili la mwisho tulilipima. Mpwa alikaa mbele ya runinga ya duka la Uyole na kuhesabu: jina kamili la chaneli lilimchukua mibonyezo 41 ya rimoti. Bila ule mwisho wa TV, 34. Akaja na hoja kwamba tuliondoe, tufupishe, na tumnyime mwanasheria silaha yake mara nyingine.

Niliona ana hoja. Tukampelekea Mzee, tukamkuta anachambua mbegu, za kupanda huku na za kula huku. Akasikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Acha hapohapo," akasema. "Hiyo TV tumeilipia."